Ukurasa wa Siku Moja

Tsigereda Wolde alikuwa amesanifu lebo za maji ya chupa, pakiti za biskuti, kadi za harusi zisizo na idadi na katoni ya sabuni iliyouzwa mpaka mji wa mbali wa Dire Dawa, na kwenye vitu vyote hivyo hapakuwa na mahali palipoandikwa jina lake. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kompyuta ya dirishani katika kiwanda cha uchapaji cha Ato Mesfin, yaani Bwana Mesfin, kule Piassa katikati ya mji, na kila alipomaliza kazi, kazi iliondoka na jina la mwenye biskuti. Hakuwa mtu wa kulalamika. Biskuti ni ya mwenye biskuti. Ila mtu aliyejaliwa jicho zuri na mkono mtulivu hutaka walau kitu kimoja chini ya jua aseme hiki ni changu, na yeye hakuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo Jumapili zilikuwa zake. Alikuwa na kamera aliyoinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyechoshwa na maharusi, yenye lenzi moja tu na mkanda ulioshonwa mara mbili. Akitoka kanisani aliitundika begani, akapanda vichochoro vya mtaa wetu wa Shiro Meda akitafuta vitu ambavyo sisi wengine tulishaacha kuviona. Mwaka mmoja mzima alipiga picha za mageti ya mabati. Hakutaka nyumba wala watu, alitaka mageti, na hasa namba za nyumba zilizopakwa kwa brashi zamani na mtu wa manispaa ambaye hakuna anayemkumbuka, lakini alikuwa na mwandiko wa madaha kweli kweli. Kutokana na namba hizo Tsigereda alichora tarakimu zake mwenyewe, moja hadi thelathini, akizirekebisha tumbo na shingo mpaka zikasimama sawasawa.

"Tsige," majirani walimtania, "umekosa mume wa kumpiga picha ndiyo ukahamia kwenye mageti?"

"Geti halininunii," aliwajibu, akaendelea na kazi yake.

Baada ya mageti ikaja mikono. Hapo alijiwekea kanuni: mikono peke yake, bila uso. Alisema uso ukiona kamera huanza kudanganya, lakini mkono ulio kazini hauna habari. Aliketi saa nzima kwenye banda la mfumaji mpaka mfumaji akasahau kuwa ana mgeni. Alipiga mikono ya Asrat wa bucha ikinoa kisu, na mikono ya fundi cherehani ikipitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara ya nne. Na siku ya tatu ya mwezi wa Pagume, siku ya malaika Rufaeli, ambapo mvua ikinyesha watu hutoka kuipokea kwa sababu ni ya baraka, alikimbia uani miguu mitupu akaipiga mikono ya mke wa muuza mkaa ikiwa imekingwa chini ya mchirizi wa bati. Maji yalikuwa yamejaa viganjani yanafurika, na mwanga wa saa nne asubuhi umepenya katikati yake. Aliporudi ndani na kuitazama kwenye kioo cha kamera, alikaa sakafuni akacheka peke yake. Alijua amepata.

Sasa, kwetu mwaka una miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na mwishoni kale kadogo kanakoitwa Pagume, ka siku chache tu. Na kila mwaka iddir yetu, yaani chama chetu cha kuzikana cha mtaa, humpa kila mwanachama kalenda. Kwa miaka mingi ilikuwa na picha ile ile ya nyumba ya paa jekundu kando ya ziwa, na theluji mlimani. Hakuna aliyejua ni wapi. Aliyeichagua ni katibu, Ato Getaneh, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu anayesoma orodha ya wanachama kwa sauti ya kuwaadhibu waliopo kwa makosa ya wasiokuwepo.

Tsigereda alikwenda mbele ya kamati na wazo lake: miezi kumi na mitatu, jozi kumi na tatu za mikono ya wanachama wenyewe, na tarakimu alizozichora yeye. Alikuwa na sharti moja. Chini ya jalada, kwa herufi ndogo, liandikwe jina lake.

"Jina la nini?" Ato Getaneh aliuliza. "Mchonga mawe ya makaburi haandiki jina lake kwenye jiwe la marehemu."

"Marehemu hawezi kumpongeza, mwalimu. Ninyi mtaishi na kazi yangu mwaka mzima. Mkiipenda, mjue mnamshukuru nani."

"Na tusipoipenda?"

"Mjue mnamtukana nani."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani, na jambo likapita.

Aliifanya kazi ile kwa miezi minane, kila jioni baada ya kiwanda na kila Jumapili. Kila picha aliizungushia ukingo wake: ya Asrat ilipata ukingo wa kulabu ndogo ndogo za nyama, ya mfumaji ikapata milia ya nguo yake mwenyewe. Ilipokuwa tayari alimpelekea katibu nakala ya majaribio. Ndiyo desturi ya wachapaji: mteja huipitia nakala hiyo, akiridhika huitia saini, na kuanzia hapo likionekana kosa ni la mteja, si la mchapaji. Ato Getaneh aliikagua kwa siku mbili. Alihakiki sikukuu za Meskel, Genna, Timket na Fasika, na mifungo yote, akapima kama jina la iddir limekaa katikati, kisha akaweka saini kubwa yenye mkia. Kalenda mia mbili na kumi zikachapwa.

Ziligawiwa Jumapili ya kwanza ya Nehase, mwezi wa kumi na mbili, siku mfungo wa Filseta ulipoanza. Mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi, wanachama wamejaa, harufu ya mchuzi wa shiro na kahawa inatoka nyuma kwa akina mama. Zilipofunguliwa, ukumbi wote ulilipuka.

"Huu ni mkono wangu!" Asrat alipiga kelele, bucha ikiwa imefungwa kwa ajili ya mfungo na yeye hana la kufanya ila kutamba. "Angalieni kisu! Angalieni kovu! Kovu hili nililipata siku ya harusi ya dada yangu!"

"Mkono umepigwa vizuri, mwenyewe hujapigwa," mkewe alimwambia. "Shukuru Mungu."

Fundi cherehani alilia machozi wala hakujificha. Watu walimwendea Tsigereda mmoja mmoja, wakamshika mabega na kumbusu mashavu, na wale wanaojua kusoma waliwaonyesha wasiojua lile jina dogo chini ya jalada. Tsigereda alisimama karibu na mlango. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alisikia watu wakimtaja kwa kazi yake.

Hapo ndipo Etete Lakech alipotoka nyuma akijifuta mikono kwenye sketi. Etete, yaani mama mzee, ndivyo tunavyomwita kwa heshima, na ndiye anayeosha vyombo vya iddir. Kwenye kila msiba wa mtaa huu kwa miaka arobaini sahani zote zimepita mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayemwona, maana yuko nyuma.

"Mwanangu," alimwambia Tsigereda, "nifunulie mwisho. Siyo hapo. Mwisho kabisa."

Tsigereda alimfunulia Pagume kwa fahari, akidhani bibi anataka kuona ile picha ya mvua.

"Nzuri," Etete alisema. "Mvua ya Rufaeli yenyewe." Kusoma alikuwa hajui, lakini namba alizijua. Akaweka kidole kwenye mstari wa tarehe. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Kidole kilifika ukingoni kikakosa pa kwenda. "Na sita?"

"Pagume ina siku tano, Etete."

"Mwaka huu unaokuja si wa Luka?"

Tsigereda naye akahesabu, akaishia tano. Kila mwaka wa nne, ule tunaouita wa Luka, Pagume huongezewa siku ya sita. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Na yeye alikuwa amefanya kama afanyavyo kila msanifu mwenye haraka: alichukua majedwali ya mwaka uliotangulia, akasogeza siku za juma, akamaliza. Kibaya zaidi, zile siku tano zilikuwa zimekaa vizuri mno, kuanzia Jumatano hadi Jumapili, mstari mmoja ulionyooka chini ya picha yake bora kuliko zote. Alikuwa ameufurahia unadhifu wake akasahau kuhesabu.

"Mimi nilizaliwa tarehe sita ya Pagume," Etete alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, na watu waliokuwa karibu wakasogea. "Mama aliniambia kabla hajafa, na mimi nilikuwa mdogo bado. Cheti sina. Ndugu sina. Sura ya mama siikumbuki. Nina siku hiyo tu, nayo huja mara moja kwa miaka minne. Mwakani natimiza kumi na minane."

Watu walicheka, maana huo ni utani wake wa siku zote, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Kisha akautazama tena ule ukingo.

"Kwa hiyo mwakani sizaliwi," alisema. Hakuwa na hasira. Akarudi nyuma kwenye sahani zake.

Ato Getaneh alikuwa ameshaifungua kalenda yake. Tsigereda alimwona akihesabu kwa midomo, akamwona anageuka rangi, kisha macho ya mwalimu yakamjia usoni na kukimbia haraka. Wote wawili walijua kilichomo katika mkoba wa Tsigereda. Nakala ya majaribio ilikuwa mle ndani ya bahasha, na saini yenye mkia chini yake.

"Ndugu wanachama," katibu alisema, akikohoa, "pametokea kosa. Mwenye kosa hatuna haja ya kumtafuta, jina lake lipo hapa chini kwa wino mweusi. Lakini sisi si watu wa kumwaibisha binti yetu. Kiwandani kwao kuna mashine ya kukata karatasi. Zirudishwe, wakate ukanda wa chini wenye jina, na hiyo tarehe sita kila mtu atajiandikia kwa kalamu. Tutakuwa tumemsitiri."

Tsigereda aliingiza mkono mkobani. Vidole vyake viliigusa bahasha. Ingetosha kuinyanyua tu, na aibu yote ingehamia upande wa pili wa ukumbi. Aliutoa mkono mtupu.

"Jina libaki," alisema. "Kosa ni langu. Na siku ya sita nitaileta mwenyewe."

Jumatatu asubuhi Ato Mesfin alikuwa ameshapata habari, kwa sababu mji huu mkubwa una masikio madogo madogo kila mahali.

"Na saini ya mteja?" aliuliza.

"Ninayo."

"Ulimwonyesha?"

"Sikumwonyesha."

"Wewe una wazimu? Saini ni ya kazi gani basi? Tunaiweka kwenye albamu?"

"Ato Mesfin, biskuti ikichacha, aibu ni ya mwenye biskuti, si ya kwangu. Kalenda hii ni ya kwangu."

Bosi wake akaenda kugombana na mtu wa wino.

Wazo lake la kwanza lilikuwa rahisi, na siwezi kumlaumu, maana wachapaji wote hufanya hivyo nafasi ikibana: kibandiko kidogo, tarehe tano na tarehe sita katika chumba kimoja cha jedwali, zimetenganishwa na mstari wa mshazari. Alikichora vizuri, akakikata, akakipeleka kwa Etete Lakech, kwenye chumba chake nyuma ya ukumbi. Etete alikiweka karibu na macho, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Huyu nani?"

"Jumapili, tarehe tano."

"Na mimi ndiye huyu niliyebanwa pembeni?"

"Ndiyo, Etete."

"Miaka minne nasubiri zamu yangu, halafu unanipangisha kwa Jumapili? Nitamlipa kodi?"

Tsigereda alicheka, lakini uso ulimwaka. Bibi alikuwa na haki. Alikuwa amekuja kuficha kosa, hakuwa amekuja kumrudishia mtu siku yake. Alikibana kile kibandiko kiganjani akakifanya donge.

"Etete," alisema, "naomba nikupige picha."

"Sasa?" Bibi alikunja mikono. "Mwaka mzima ulizunguka hapa na hilo dude lako. Ulimpiga Asrat. Ulimpiga mke wa muuza mkaa. Mimi ulinipita mara mbili, nikakusogezea na ndoo upite. Mbona hukunitaka?"

Tsigereda angeweza kusema uongo wa heshima. "Sikukuona," alisema. Alisikia haya kweli kweli, yeye anayejisifu kuona vitu ambavyo wengine wameacha kuviona.

"Najua," Etete alisema, na sauti yake ikalegea. "Basi nipige. Lakini siyo mikono. Wenzangu wote umewakata vichwa. Watu kumi na watatu, hakuna hata mmoja mwenye shingo! Mimi nakitaka kichwa changu."

Kanuni ikafa hapo hapo.

Alirudi Jumapili iliyofuata. Etete alikuwa amevaa shali ya netela nyeupe iliyopigwa pasi, amejipaka siagi nywele, amekaa kwenye kigoda mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu. Tsigereda alipiga picha thelathini, na zote thelathini zilikuwa za kitambulisho. Mwanga ulikuwa mzuri, ukutani hapakuwa na kitu cha kusumbua jicho, lakini bibi aliyekuwa kwenye kigoda hakuwa Etete Lakech, alikuwa sanamu ya serikali. Tsigereda aliishusha kamera kifuani.

"Etete, mwakani ukishatimiza kumi na minane, utafanya nini?"

"Nitaolewa."

"Na nani?"

"Na kijana. Wa ishirini. Sitaki mzee!"

Akacheka, na cheko likamzidi, na kwa kuwa meno ya mbele hana, viganja vyote viwili vilipaa kuuziba mdomo. Macho tu ndiyo yalibaki juu ya vidole vile vilivyokunjamana kwa maji ya miaka arobaini, macho ya msichana anayejua amesema utundu. Kamera ilikuwa kifuani, Tsigereda hakuwa na muda wa kuinyanyua. Alibonyeza pale pale.

Alipoitazama picha hakukaa sakafuni. Alibaki amesimama.

Siku ya sita haikupewa chumba, ilipewa nyumba nzima. Alitengeneza ukurasa kamili, saizi ile ile ya miezi mingine, wenye siku moja tu ndani yake. Picha ilikuwa juu, na chini yake sita moja kubwa, peke yake, hakuna jirani wala jedwali. Alipoipanua ile sita yake ya zamani mpaka ukubwa huo aliona shingo yake inalegea, kasoro ambayo hakuna aliyewahi kuiona ilipokuwa ndogo, akaichora upya kwa jioni tatu. Ukingo aliuchora kwa duara ndogo ndogo, na ukisogea ndipo unaona ni sahani. Chini ya sita aliandika: Lakech Degefu, aliyezaliwa siku hii. Juu aliacha tundu, ukurasa ukae kwenye msumari ule ule wa kalenda.

Ato Mesfin alimpa karatasi zilizobaki kwenye kazi nyingine, akilalamika bila kukoma, na siku ya kuchapa hakumwachia mtu mashine, akaiendesha mwenyewe. Nakala ya kwanza ilipotoka aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani.

"Miaka kumi na mmoja nakupa biskuti," alisema. Akainyoosha nakala ile juu ya meza kwa uangalifu mkubwa. "Haya, toka, unanizibia mwanga."

Jumapili ya mwisho kabla ya mwaka mpya, iddir ilikutana tena. Tsigereda aliingia na furushi kifuani, akapita katikati ya ukumbi bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja nyuma, mahali ambapo sahani huoshwa. Nakala ya kwanza alimpa Etete Lakech.

Etete alijifuta mikono kwanza, vidole vyote, na katikati ya vidole. Kisha akaupokea ukurasa. Akina mama wakaacha vyombo wakamzunguka.

"Ndiye mimi huyu," Etete alisema. Wala hakuuliza. "Nimependeza." Akaweka kidole juu ya ile sita, akaizungusha, akamaliza mzunguko, akaanza tena. "Na haya maandishi?"

"Jina lako. Hapa Lakech. Hapa Degefu, la baba yako."

"Na lako liko wapi?"

Tsigereda aliinama. "Sikuliweka, Etete. Ukurasa huu ni wako. Nami baada ya lile kosa..."

"Baada ya lile kosa nini?" Sauti ya bibi ilipanda mpaka ukumbini wakageuka. "Kwenye kazi yenye kosa umeandika jina, kwenye kazi hii unajificha? Ninyi mlisomea wapi? Nileteeni kalamu! Watu wakiniuliza nani kakupiga picha hii niseme nini, imeota ukutani?"

Kalamu ikapatikana. Tsigereda alipiga goti kwenye sakafu yenye maji, akaweka ukurasa juu ya sinia lililogeuzwa, akaandika jina lake chini ya pembe ya picha. Etete aliuchukua, akaukagua kama anayejua kusoma, akauinua juu ya kichwa chake, akatoka nao ukumbini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kumwona akiingia kwa mlango wa mbele.

Vigelegele vilianzia kwa mke wa Asrat. Baada ya hapo kila mtu alitaka wake, na kila mtu aliutaka wenye jina. Wakamwekea Tsigereda meza na kiti chini ya ubao wa matangazo, na Etete Lakech akaketi ubavuni mwake, ukurasa wake magotini, akiwapanga watu mstari. Asrat alijaribu kuchomeka mbele akarudishwa nyuma kwa neno moja.

Ato Getaneh alikuwa wa nne au wa tano. Alipofika mezani hakuunyoosha ukurasa wake. Aligeukia watu, na kwa mazoea ukumbi ukanyamaza, ukidhani anataka kusoma orodha.

"Ile nakala ya majaribio niliitia saini mimi," alisema. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na mkono wake ulikuwa unakishika kifungo cha juu. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na nilishindwa kuhesabu mpaka sita. Binti huyu alikuwa na saini yangu mkobani siku ile. Nilijua anayo. Nilingoja aitoe, hakuitoa, na mimi nikakaa kimya nikamwacha abebe peke yake."

Tsigereda alimtazama mzee huyo aliyempinga tangu mwanzo, akaona kuwa kusimama pale kulimgharimu kuliko chochote ambacho yeye angeweza kumfanyia kwa ile bahasha, na chuki yote aliyokuwa amemwekea akiba ikamtoka.

"Lete, mwalimu," alisema.

Ato Getaneh akauweka ukurasa mezani, akaulainisha pembe kwa kiganja. "Andika kwa herufi kubwa," aliomba. "Macho yangu siku hizi si mazuri, na nataka nilione kutoka kitandani."

"Msimharakishe," Etete Lakech aliwaambia waliokuwa wakisukumana nyuma. "Jina ni refu."

Tsigereda akaandika jina lake na la baba yake, lote, kwa herufi kubwa kuliko alizowahi kuandika maishani mwake.